Nagios Core kwenye gesti za Lamu: kazi kubwa ni kuamua nani aamshwe

Ntaanza na hukumu ili asiye na wakati asome hapa aende zake. Nagios Core ni programu nzuri ya kuchunga mtandao, ni ya bure, hailemei mashine, na kwa mtandao kama wetu wa kisiwani naiona inazishinda nyingi zenye sura nzuri kuiliko. Lakini ile mipangilio inayokuja nayo, ya nani apewe habari na saa ngapi, haikuandikwa kwa mtu wa Lamu. Ukiiacha vile ilivyo utalala fofofo usiku gesti nzima haina neti, alafu mchana simu ikusumbue kwa vitu ambavyo havina shida yoyote. Yanayofuata ni kwa wale wanaotaka kuiweka kweli.

Kwanza mujue nazungumzia mtandao gani. Laini inatoka bara, Mokowe, inaruka maji kwa redio mpaka mlingoti wa mjini, hapo inagawanywa, nyengine zaingia Mkomani na Langoni, nyengine inaruka tena mpaka Shela. Kila gesti ina rauta, swichi, na aksesi pointi kadhaa manake kuta zetu hizi za mawe ya matumbawe ni nene na waifai haipenyi, waeza kuweka aksesi pointi uani na chumba cha pembeni kisipate kitu. Ongeza chumvi ya bahari inayokula viungio vya waya, ongeza stima inayokatika ikarudi ikakatika tena, na ongeza kwamba fundi wa hapa hana gari la kurukia, ni miguu au boti, na ukitaka boti ya Shela usiku wa manane nahodha atakutajia bei ya usiku wa manane. Kwa hivyo kujua ni KITU GANI kimekufa kabla hujatoka nyumbani ni pesa.

Historia yake fupi tu: Ethan Galstad, Mmarekani, aliitoa 1999 ikiitwa NetSaint, 2002 jina likabadilishwa ikawa Nagios. Leseni ni GPL, yaani ya programu huria. Umri huo unaonekana, ukurasa wake wa wavuti una sura ya enzi hizo na kwa simu ni mateso. Na usitafute kitufe cha kuongeza hosti, yaani kifaa cha kuchungwa, kwa sababu hakipo, Core kila kitu unaandika kwa mkono kwenye mafaili ya maandishi. Wenyewe wanauza toleo jengine, Nagios XI, lenye fomu za kubofya, ila mimi hapa nazungumzia hii ya bure.

Kuinstol sitaeleza, komputa yoyote kuukuu yenye Linux inatosha. Ukiiweka kwa kuikusanya (compile) mwenyewe mafaili yako yanakaa /usr/local/nagios/etc/objects, na ndani yake mna contacts.cfg, timeperiods.cfg, templates.cfg, localhost.cfg na ndugu zake. Mashine ya kuchungwa inaandikwa hivi:

define host {
    use             generic-switch
    host_name       redio-shela
    alias           Redio ya Shela, juu ya paa
    address         192.168.20.2
    parents         mlingoti-mjini
    contact_groups  mafundi
}

Ndo hivyo tu, haina uchawi. Mstari wa use unasema vitu vyote ambavyo hukuviandika vichukuliwe kwenye templeti, yaani kiolezo, ya jina hilo, na hapo ndipo penye mtego.

Watu wengi wakianza wanafungua localhost.cfg, wanaona mfano uliokwisha tayarishwa, wanakopi, wanabadilisha jina na anwani, wanafurahi. Ule mfano unatumia templeti inayoitwa linux-server. Sasa nenda kaifungue templates.cfg uisome linux-server yenyewe: notification_period yake, yaani saa za kutoa habari, ni workhours. Na workhours ukiifuata kwenye timeperiods.cfg ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Pembeni kuna maelezo kabisa kwamba watu wa Linux hawapendi kuamshwa kwa hivyo wapewe habari mchana tu! Mimi nlicheka. Ni mzaha mzuri kwa mtu wa ofisi, lakini gesti ya Shela wikendi ndo inajaa, mgeni anarudi ufuoni jioni anataka kuongea na watoto wake kwa video usiku, Ramadhani mji mzima uko macho hadi daku, na wiki ya Maulidi ndo usiseme. Saa zetu za kazi ni zile ambazo templeti inaona ni za kulala.

Alafu sikiza linavyofanya kazi, manake wengi hawajui hili. Hosti ikianguka nje ya saa zake, Nagios haitupi ile alati, yaani ujumbe wa tahadhari, inaishikilia mpaka dirisha lifunguke. Ikifika saa tatu asubuhi Jumatatu na hosti bado imelala, unapata ujumbe. Lakini kama iliinuka yenyewe kabla ya hapo, hupati chochote. Kwa hivyo gesti yaweza kukosa neti Jumamosi yote kuanzia magharibi hadi alfajiri, Jumatatu ukifungua simu ni kimya, nawe waamini mambo ni sawa mpaka mgeni aandike malalamiko yake mtandaoni.

Templeti ya generic-switch kwa upande huu ina akili zaidi, yenyewe ni 24x7, yaani saa zote siku zote, na inarudia ujumbe kila dakika 30 wakati linux-server inarudia kila 120. Mimi rauta, redio na swichi zote naziweka huko, hata kama ndani yake ni Linux, haijalishi. Au uandike templeti yako mwenyewe, ndo bora zaidi ukishazoea.

Tukija kwa watu wa kupewa habari, hapa Nagios ina busara ambayo programu nyingi za kisasa hazina. Kila mtu anaandikwa kama kontakti, na kontakti ana saa zake na aina ya habari anazotaka. Yaani ujumbe unachujwa mara mbili, mara ya kwanza kwa hosti, je hii hosti inaruhusiwa kutoa alati saa hizi na ya aina hii, mara ya pili kwa mtu, je huyu anataka kusikia saa hizi. Moja ikikataa, hakuna kinachotoka. Kwa hivyo ukiona mtu hapati meseji angalia pande zote mbili, usikimbilie kulaumu modemu. Na kuna tofauti ndogo: lile dirisha la hosti likiwa limefungwa ujumbe unangoja kama nlivyosema, lakini likiwa limefungwa dirisha la mtu ujumbe unampita tu, haungoji wakati wake. Ukimpa fundi wa zamu ya mchana saa zake, ya usiku hayamfikii kabisa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Zile herufi za notification_options zinatisha mwanzo lakini ni chache: d ni hosti imeanguka, u haifikiki, r imerudi, f inayumbayumba, s ni mapumziko yaliyopangwa. Mafundi wangu wanapata d na r basi. Hiyo u nimeiondoa makusudi, na sababu yake ni parents.

Parents ndo kitu ambacho peke yake kingenifanya nibaki na Nagios hata ukurasa wake ungekuwa mbaya maradufu. Unaiambia kila hosti mzazi wake ni nani, yaani kuifikia lazima upitie wapi. Rauta za gesti za Shela mzazi wao ni redio-shela, swichi za ndani mzazi wao ni rauta, aksesi pointi mzazi wao ni swichi. Redio ya Shela ikifa, Nagios inajaribu kufikia rauta za huko inashindwa, inakagua mzazi, inaona mzazi ndo amelala, basi redio inaitwa DOWN na wale wote walio nyuma yake wanaitwa UNREACHABLE. Kwa kuwa u haimo, fundi anapata ujumbe mmoja tu: redio ya Shela. Bila hiyo parents simu inalia kama nyumba yenye harusi, kila aksesi pointi ya kila chumba cha kila gesti inapiga kelele kwamba imekufa, na ile redio yenyewe iko humo katikati ya meseji na huioni.

Lakini sikizeni, mti huu wa wazazi unachorwa kutoka pale seva yako ya Nagios ilipo, sio kutoka pale neti inapotokea. Hapa nimewaona watu wenye ujuzi wao wanakwama. Neti inatoka Mokowe, kwa hivyo mtu anaandika Mokowe kuwa mzazi wa kila kitu. Ikiwa seva yako iko mjini, chini ya mlingoti, hilo si kweli, seva haipiti Mokowe kwenda Shela. Mlingoti wa mjini hauna mzazi, redio ya Shela mzazi wake ni mlingoti, na Mokowe PIA mzazi wake ni mlingoti. Ikianguka Mokowe, gesti zote zinaonekana ziko sawa, kijani kitupu, na ni kweli ziko sawa, rauta ziko hai, kilichokosekana ni njia ya kutoka. Kwa hivyo ongeza hosti moja ya nje, anwani yoyote ya kuaminika huko duniani, mzazi wake awe Mokowe. Hapo Mokowe ikilala unajua ni Mokowe, na Mokowe ikiwa hai lakini ya nje imekufa unajua shida iko mbele zaidi na si ya kupanda ngazi wewe, piga simu kwa wanaokuuzia laini.

Sasa swali ambalo linapaswa kuulizwa mwanzo kabisa: Mokowe ikianguka, ujumbe unatokaje kisiwani? Kontakti ya mfano inakuja na barua pepe, na komandi ya notify-host-by-email. Barua pepe inapita wapi? Inapita Mokowe! Yaani programu inataka kukwambia njia imekatika kwa kutumia ile ile njia iliyokatika, na barua itakufikia njia ikishapona, haina faida.

Dawa yake ni rahisi na ndo uzuri wa Nagios: yenyewe haitumi kitu, inaita tu komandi uliyoiandika wewe. Chomeka modemu ya USB yenye laini ya simu, weka gammu, programu ya kutuma SMS, uandike komandi inayoita gammu-smsd-inject ikipewa $CONTACTPAGER$ na maneno unayotaka. Namba ya simu unaiweka kwenye mstari wa pager ndani ya kontakti, ndio, pager, vile vidude vya kuninginia mshipini, nimewaambia programu hii ina umri wake. SMS inapita mtandao wa simu, haihitaji redio yako wala bando, yataka salio tu. Weka salio jamani. Na seva yenyewe pamoja na modemu viwe kwenye inveta, manake stima ya mjini ikienda na seva ikaenda nayo hutapata ujumbe wa kuanguka wala wa kuinuka. Mwenye rafiki bara mwenye mashine inayowaka muda wote aweke ukaguzi wa pili kutoka huko uichunge hii seva, ndo kamili.

Kitu chengine kizuri cha kuandika komandi mwenyewe ni lugha. Nliwaingiza wenye gesti kama kontakti, kila mmoja kwa nyumba yake tu, kwa sababu wanapenda kujua. Siku ya kwanza akanipigia mama mmoja mwenye nyumba Mkomani.

"Mwanangu, hii meseji yako yasema DOWN, DOWN. Nani yuko chini?"

"Ni rauta, bibi, stima imekatika huko kwako."

"Basi si ungeandika stima."

Ana haki yake. $HOSTSTATE$, yaani hali ya hosti, inatoka kwa Kiingereza, kwa hivyo komandi yangu sasa inapitia skripti ndogo inayobadilisha, DOWN inakuwa "neti ya nyumba haipatikani, fundi ameshaarifiwa" na UP inakuwa "neti imerudi". Hilo la fundi ameshaarifiwa ndo limepunguza simu kuliko kitu chochote chengine nlichowahi kukifanya. Kwa wenye nyumba pia weka service_notifications_enabled 0, hawahitaji kujua diski ya seva imejaa. Na can_submit_commands 0, ili wakiingia kwenye ukurasa waone tu wasibofye. Jina la kuingilia ukilifanya liwe sawa na contact_name, kila mtu anaona hosti zake peke yake, haoni za jirani, na kwa mji mdogo huu hilo si dogo, mwenye gesti hataki mwenzake ajue nyumba yake ilikosa neti.

Upande wa subira. Nagios haipigi kelele mara ya kwanza, inahesabu mpaka max_check_attempts. Templeti hizi zinakagua kila dakika 5, ikishindwa inarudia kila dakika 1, mpaka mara 10. Piga hesabu: kitu kinaweza kufa mara tu baada ya kukaguliwa, zinapita karibu dakika tano kabla hakijagunduliwa, alafu tisa zaidi za kuhakikisha, jumla kama robo saa. Kwa aksesi pointi ya chumbani sawa, stima ikipepesa rauta inawaka yenyewe na hakuna aliyesumbuliwa. Kwa mlingoti wa mjini ni nyingi mno, huko naweka majaribio 3. Msikopi namba zangu lakini, angalieni vifaa vyenu vinachukua muda gani kuwaka.

Stima ikiwa ya kuja na kwenda jioni nzima, kuna kinga nyengine, Nagios inaangalia majibu 21 ya mwisho na ikiona hosti inabadilika badilika kupita kiasi inasema inayumba, inanyamaza mpaka itulie. Mimi naipenda. Wako wanaoizima kwa kuogopa kukosa habari, hao wana nguvu za kusoma meseji kuliko mimi.

Kupandisha daraja kupo pia, kwa mfano alati ya nne kwenda mbele impate na mkubwa wa kazi. Tahadhari moja, ukiandika hostescalation taja na grupu la mafundi humo humo, la sivyo mkubwa ataanza kupata meseji na mafundi wataacha kupata, na mkubwa ndo mtu asiyejua kupanda mlingoti.

Kabla ya kuiwasha upya kila mara endesha nagios -v na njia ya nagios.cfg. Inasoma mafaili yote na ukikosea inakutajia faili na namba ya mstari, ikiwa safi inakwambia makosa sufuri. Hii ni bora kuliko fomu nyingi za kubofya zinazokubali upuuzi wako kimya kimya.

Haya, udhaifu, mbali na sura yake. Pingi, ile hodi inayopigwa kwa kifaa kuona kama kinajibu, inakwambia aksesi pointi iko hai, haikwambii mgeni aliyelala nyuma ya ukuta wa mawe anapata kitu. Hosti kijani, mgeni analia, na wote wawili wanasema kweli. Unaweza kuongeza check_dns na check_http zikague kama kurasa zinafunguka, zinasaidia, lakini ukuta ni ukuta, huo unaenda mwenyewe na simu mkononi chumba kwa chumba. Pia ule mfano wa check_ping, onyo kwa 100ms au pakiti 20% kupotea, hatari kwa 500ms au 60%, ni sawa ndani ya kisiwa lakini kwa anwani ya ng'ambo hiyo 100ms itakupa onyo la bure kila siku, ilegeze. Na magrafu ya kumwonesha mwenye gesti neti ya mwezi mzima ilivyokwenda, Core haina ya maana mpaka uongeze vitu vya watu wengine. Zabbix, programu nyengine ya kuchunga mtandao, kwa hilo iko mbele sana, fomu anazo, magrafu anayo, ila yataka databesi na mashine yenye misuli kidogo, wakati Nagios databesi haihitaji.

Naipa nyota nne. Mwenye gesti moja, rauta moja na swichi moja asijisumbue nayo, aweke Uptime Kuma, programu nyepesi ya kazi hii hii, kwenye komputa ndogo, anabofya kwenye browza, anaunganisha Telegram, anaenda zake kunywa kahawa. Ila Telegram nayo inapita Mokowe.